Siku Mtani Alipotiwa Pingu

Marahaba. Marahaba nyote, hata wewe uliyeitoa shikamoo nusunusu huku macho yako kwenye simu. Mlichoniuliza nitakijibu, ila kwa njia yangu, na anayetaka jibu la haraka akaulize huko huko kwenye simu.

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, barazani kwangu hapa Magomeni, Bagamoyo, sikosi wageni. Zamani walikuja kuuliza habari za uaskari kwa jumla. Siku hizi swali ni moja: "Bibi Tatu, sifa za kuwa mchunguzi wa vifo ni zipi?" Najua lilikotoka. Mmeangalia tamthilia, mmemwona dada kavaa koti jeupe na viatu virefu, anainama juu ya maiti, anaokota unywele mmoja kwa kibano, halafu anataja jina la muuaji. Mimi nimepeleleza vifo katika wilaya hii mpaka nikastaafu, na viatu virefu nilivivaa siku moja tu, kwenye sherehe ya kuniaga. Niliteguka kifundo.

Haya, sifa za kwenye tangazo la kazi ndizo hizi, zimezeni tuendelee. Nchi nyingine wana mtu anaitwa korona, na vifo vyote vya utata viko mikononi mwake. Kwetu kazi hiyo wamegawana watu watatu. Daktari ndiye anayepasua, na huyo asomee udaktari, na akitaka kubobea arudi tena chuoni mpaka nywele zianze kumuaga. Hakimu ndiye anayekaa kusikiliza shauri la kifo, huyo asome sheria. Wa tatu ni askari mpelelezi, anayefika kabla inzi hawajaitana. Huyo ndiye niliyekuwa mimi. Kidato cha nne, mafunzo ya uaskari, kozi ya upelelezi, basi.

Yaliyobaki hayafundishwi chuoni. Kwa mfano, kula kabla hujaenda. Mtu mwenye njaa anazimia upesi kuliko mwoga, na mpelelezi akizimia watu wanaanza kumpepea yeye, marehemu anasahaulika. Usivae viatu vipya. Msibani utavivua mlangoni, na ukitoka utakuta ndala mbili za mguu wa kushoto. Mimi nimerudi kituoni na ndala za namna hiyo mara nyingi, na nimeshawahi kutoa taarifa kwa mkubwa wangu nikiwa nimezivaa.

Kubwa kuliko yote nililifundishwa na Afande Mbwana, mzee wetu pale kituoni, mfupi, mpole, mwenye kupenda kahawa chungu. Alikuwa akisema, "Tatu, ukifika penye kifo usimkimbilie maiti. Maiti haendi popote. Wasalimie walio hai, maana hao ndio wanaoondoka." Nilidhani ni maneno ya uzee. Kumbe mzee alikuwa akinipa kazi nzima kwa sentensi moja.

Sasa niwape habari za Koplo Method, kwa sababu bila yeye sina cha kuwasimulia. Method alikuwa kijana wa Rombo, mrefu, mnyoofu, hajui uongo hata wa kuombea ruhusa. Alikuja kwetu akitoka mafunzo ya ukoplo moja kwa moja, na tangu siku ya kwanza tulipangwa kufanya kazi pamoja. Alikuwa hodari, nasema kweli. Tatizo lake ni kwamba Pwani hakuijua, na hakujua kwamba haijui.

Mwezi wake wa kwanza tuliitwa Fukayosi. Mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba walikuta mifupa midogo imefungwa vizuri katika kitambaa cheupe. Mafundi wenyewe ni watu wa bara, wakatupa majembe, wakapiga kelele kwamba kuna mtoto mchanga kazikwa kwa siri. Tulipofika, Method akazungusha kamba eneo zima, akawazuia watu, akaanza kuulizia ni binti gani alikuwa na mimba ambayo haikuonekana ilikokwenda. Mabinti wawili walishaanza kulia kwa hofu. Afande Mbwana akapita chini ya kamba taratibu, akafunua kitambaa kwa kijiti, akachungulia.

"Method," akasema, "kwenu Rombo watoto wanazaliwa na kwato?"

Ilikuwa akika. Huku kwetu mtoto akichinjiwa mbuzi wa akika, mifupa haivunjwi wala haitupwi. Inakusanywa, inafungwa sanda yake, inazikwa kwa heshima. Method alikunja kamba yake, na mpaka leo ukimtajia Fukayosi anakohoa. Mimi nilicheka njia nzima mpaka Afande Mbwana akanitisha kwamba atanishusha kwenye gari.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Lililonifunza kazi ni la Kiwangwa.

Asubuhi moja mwenyekiti wa kijiji alipiga simu kituoni. Mzee Salumu, mkulima wa mananasi, amefariki ghafla. Alfajiri alikwenda shambani kufukuza nguruwe pori, akarudi, akanywa uji aliopikiwa na mkewe, akasema mguu unamsumbua na kichwa kizito, akajilaza. Hakuamka. Mkewe, Siwema, alikuwa mwanamke kijana, mke wa pili baada ya wa kwanza kufariki, mwenye watoto wawili wadogo. Na ndugu wa marehemu, Mzee Omari, alikuwa akizunguka uani akisema kwa sauti kwamba uji ule ulikuwa na sumu. Vijana walishaanza kuzungumza habari ya kiberiti na nyumba ya Siwema.

Tukapanda pikipiki, Method mbele, mimi nyuma na ushungi wangu. Tulikuta maiti imeshaoshwa na kukafiniwa, mazishi yamepangwa baada ya adhuhuri. Nikaenda kwa Mzee Omari, nikamwamkia, nikampa pole, nikamwambia kwa adabu zote kwamba panaposemwa sumu ni lazima daktari aangalie.

"Mwanangu," akasema, "mshaambiwa ni sumu, mpasue nini tena? Mchukueni mwanamke wenu, mtuachie ndugu yetu. Sisi hatumkatakati Muislamu kama samaki wa mnada."

Mmeona hapo? Mzee anataka Siwema awe muuaji, lakini hataki mtu yeyote athibitishe. Shamba lile la mananasi lilikuwa kubwa, na zuri. Simsingizii mtu nia, nasema tu lilikuwa kubwa na zuri.

Nikampigia mkuu wetu. Akasema daktari yuko Lugoba, kuna ajali ya lori barabara kuu, atafika alasiri. "Mko wawili tu hapo," akaniambia. "Msishikane na watu wa msiba. Zungumzeni." Sheria ilikuwa upande wetu, lakini sheria haikuja na sisi kwenye pikipiki. Uani palikuwa na watu wa vijiji vitatu, na wengi wao wameshika majembe ya kuchimbia kaburi.

Utaratibu wangu na Method ulikuwa mmoja: mimi ndani, yeye nje. Msiba wa Pwani una pande mbili, mwanamume hapiti kwa wanawake, na mimi siendi makaburini kwenye mazishi ya Kiislamu. Basi nikavua viatu, nikaingia chumbani, nikakaa mkekani karibu na Siwema. Kafunikwa kanga mpaka machoni. Wanawake wengine wamejitenga naye kidogo, kila mmoja kwa hila yake, huyu anabembeleza mtoto, yule anatafuta upepo wa dirishani. Nililiona hilo, likaniuma.

Nikamwuliza kwa sauti ya chini habari ya uji. Hakunijibu habari ya uji. Alinishika mkono.

"Dada, mpasueni," akasema. "Mimi mkewe nimesema mpasueni. Wakimzika hivi mimi nimekwisha. Hawa wanangu watakua wakiambiwa mama yenu ndiye aliyemlisha baba yenu sumu, na mimi sitakuwa na la kuwajibu."

Basi nikajua kazi yangu siku ile ni moja: kuzuia maiti ile isiingie ardhini mpaka daktari afike. Nikatoka nikaanza kuchelewesha. Niliwasalimia wazee mmoja mmoja, na kila mmoja nilimwuliza hali ya nyumbani, ya shamba, ya miguu, ya watoto walioko Dar. Nilimwomba shekhe atusomee dua ndefu, akasoma. Nikamwomba na nyingine, akaniangalia juu ya miwani. Nikaulizia kama ndugu wote wa mbali wameshafika, isijekuwa wengine wako njiani. Mzee Omari akasema wameshafika wote, wala hakuwauliza. Adhuhuri ikaswaliwa, jeneza likanyanyuliwa, wanaume wakaondoka nalo. Nikamvuta Method pembeni.

"Nenda nao. Angalia tu. Usifanye chochote mpaka nikwambie."

"Sawa, afande," akasema. Alisema kwa moyo wote, maskini.

Hapa ni lazima niwaeleze jambo, maana nyinyi watoto wa siku hizi utani mnaujua wa simu tu. Wakwere na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kiwangwa pale aliishi Mnyamwezi mmoja, Mzee Shija, amelowea miaka mingi, ana shamba la mihogo jirani kabisa na Salumu aliyekuwa Mkwere, na walikuwa wakitukanana kila asubuhi kwa mapenzi. Mtani msibani ana ruhusa ya mambo ambayo mwingine angechezea makofi. Atavaa kanzu ya marehemu na kuiga kikohozi chake. Atalala kaburini na kudai ni chumba chake. Atazuia maiti njiani mpaka apewe faini. Na kitu kimoja wanachokipenda sana ni kujitangaza kwamba wao ndio walioua. Watu wanacheka, na waliokuwa wamebanwa na kilio wanapata kuvuta pumzi.

Sasa kwa kina Method, Wachaga na Wapare wanataniana sana, lakini kwa maneno, barazani. Ndani ya kaburi la mtu hajawahi kuuona.

Jeneza lilipotuliwa, Mzee Shija akatokea vichakani mbio, kavaa kanzu kuukuu ya Salumu, jembe begani, akaruka ndani ya kaburi akalala chali. "Mtanitafuta wapi? Niko hapa. Mimi Shija ndiye niliyemuua huyu Mkwere, kwa mikono yangu hii miwili. Nilimwonya siku nyingi, mtu gani analima mananasi mpaka anasahau kuoga?"

Watu wakaanza kucheka. Method hakucheka. Method alisikia kukiri. Akaruka ndani ya kaburi na buti zake, akasema, "Mzee, uko chini ya ulinzi," na pingu zikalia.

Wanasema Mzee Shija aliziangalia pingu, akamwangalia Method, akaziangalia tena pingu. Halafu uso ukamkunjuka kwa furaha kubwa.

"Jamani," akasema, "tangu babu zetu wabebe mizigo kuja Bagamoyo, kuna mtani aliyewahi kupewa heshima hii? Serikali nzima imekuja kunitania."

Habari ilinifikia ndani kwa mzee mmoja aliyekuja kusimama mlangoni akijifunika mdomo. "Afande," akasema, "mwenzio amemkamata mtani." Wanawake wakaangua kicheko pale pale msibani. Siwema naye akacheka, kicheko kikageuka kilio, na wale waliokuwa wamejitenga wakamsogelea na kumshika. Mimi nikatoka nikitafuta ndala, nikafika ukingoni mwa makaburi, nikasimama chini ya mkorosho, maana ndani siingii.

"Method," nikaita.

"Naam, afande," sauti ikatoka kaburini.

"Umefanya nini?"

"Nimemkamata muuaji, afande. Amekiri mbele ya mashahidi. Shekhe mwenyewe ni shahidi."

"Huyo ni mtani, Method."

"Anaweza kuwa mtani na akawa muuaji pia, afande."

Na kisheria, mtaniwia radhi, hakukosea.

Mzee Omari akaja juu. "Mfungueni huyu mtu tuzike." Mzee Shija akachomoza kichwa kaburini. "Nisifunguliwe," akasema. "Mimi ni mtuhumiwa, na marehemu ni kidhibiti. Umesikia wapi kidhibiti kinazikwa kabla ya kesi?" Na Wanyamwezi wenzake waliokuwapo wakaja wakakaa kuzunguka ukingo wa kaburi, miguu ikining'inia ndani, wakasema mtani wao ametiwa pingu, hapafukiwi kitu mpaka faini ilipwe, na safari hii faini si kuku.

Nilifungua mdomo nimwambie Method afungue pingu. Wallahi nilikuwa nishaanza. Ndipo nikaliangalia jua, nikamkumbuka Siwema na mkono wake.

"Method," nikasema, "ufunguo wa pingu uko wapi?"

Akasimama mle kaburini, akatia mkono mfukoni, akautoa. Nikauona unang'aa.

"Huna," nikasema. "Umeusahau asubuhi kwenye gari la daktari. Daktari ndiye atakayekuja nao."

Method akauangalia ufunguo mkononi mwake. Kijana asiyejua uongo. Niliona anavyoteseka, na nilimhurumia. Kisha akafumba ngumi taratibu.

"Ndiyo, afande," akasema. "Nimeusahau."

Mzee Omari akamgeukia shekhe, akataka wazike hivyo hivyo. Shekhe akavua miwani akaifuta. "Omari," akasema, "kufukia kaburi lenye mtu mwenye pingu ndani yake sijakuta katika kitabu chochote nilichosoma. Tungoje." Nadhani shekhe alishanielewa tangu ile dua ya pili.

Basi tukangoja. Wali wa msiba ukaletwa hadi makaburini, na Mzee Shija akasema mahabusu analishwa na serikali, yeye mikono yake imefungwa. Kwa hiyo Koplo Method akakaa ndani ya kaburi akamlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, huku watu wa vijiji vitatu wanaangalia. "Nyama kwanza, koplo," mzee akawa anamwambia. "Wali baadaye. Kwenu hawakukufundisha kulisha mgeni?" Vijana wale wa kiberiti walikuwa wamekaa chini wanacheka mpaka wanashika mbavu. Habari ya kuchoma nyumba hakuna aliyeikumbuka tena.

Daktari alifika kabla ya alasiri kumalizika, shati lina damu ya watu wa Lugoba, amechoka hoi. Shekhe mwenyewe alizungumza na wazee, wakakubali, mradi maiti ioshwe upya. Wakairudisha nyumbani, wakashika mashuka nyuma ya nyumba kufanya ukuta, na daktari akamtaka Mzee Omari aingie ndani ya mashuka aone kwa macho yake. Miguu ya Salumu ilikuwa na michubuko kuanzia goti kwenda chini, kama miguu ya kila mtu anayelima mananasi, majani yale ni misumeno. Walioosha hawakuona cha ajabu. Daktari akapitisha kidole polepole, akasimama kisiginoni, akaonyesha vitobo viwili. Alipopasua kidogo, nyama ya chini ilikuwa nyeusi.

"Nyoka," akasema. "Aliumwa shambani gizani, akadhani ni jani. Uji haukuwa na kosa." Baadaye maabara ya serikali nayo ilisema uji ulikuwa uji.

Mzee Omari alitoka ndani ya mashuka akakaa juu ya kinu kilicholala. Hakuomba radhi siku ile. Alichofanya, aliagiza sahani ya wali, akaipeleka mwenyewe hadi mlango wa chumba cha wanawake, akasema, "Shemeji, kula. Una watoto." Kwa mtu wa namna yake ilikuwa nyingi. Siwema alikula, na mimi niliyekuwa nimejikaza tangu asubuhi nikaenda kulilia chooni.

Tulizika kabla ya magharibi. Ufunguo "ulipatikana" kwenye gari la daktari. Mzee Shija akasugua vifundo vya mikono, akamtoza Method faini ya jogoo, akamtangazia kwamba kuanzia leo ni mtani wake, atake asitake. Tangu hapo, kila pikipiki yetu ilipopita Kiwangwa, mzee alikuwa akitoka barabarani na kunyoosha mikono kama anayesubiri pingu. Method alikuwa akishuka na kumtukana kwa Kiswahili cha Rombo. Siwema alibaki na shamba lake, na wanawe wamekua. Haya mananasi mnayokula sasa hivi ni ya kwake.

Nilishamwuliza Mzee Shija mara nyingi kama siku ile alijua tunamtafutia Siwema muda. Kila mara alinijibu kwamba upelelezi umekwisha, nimlipe.

Masika haya yaliyopita Mzee Shija alifariki. Uzee tu, usingizini, safari hii hakuna aliyelaumiwa. Alikuwa Mkristo, kwa hiyo nilikwenda mpaka makaburini. Method naye kastaafu, ana kitambi na fimbo, alikuja kwa basi kutoka kwao. Jeneza liliposhushwa, akawapenya watu, akapiga magoti ukingoni.

"Msimtafute mwingine," akasema. "Mimi Method ndiye niliyemuua huyu mzee, kwa mikono yangu hii. Na jogoo wake wa faini nilishamla mwenyewe."

Watu wakacheka sana. Yeye mwenyewe alikuwa analia machozi ya kweli, na Siwema alikuwa akimfuta uso kwa kanga. Mimi nilimpenda Mzee Shija, nasema wazi.

Pembeni yangu alikuwa amesimama askari mmoja kijana, sare imenyooka, mgeni wilayani. Akaniinamia sikioni.

"Bibi, nimeambiwa ulikuwa mpelelezi. Yule mzee amekiri mbele ya watu. Nimkamate?"

Nilimwangalia kuanzia kofia mpaka viatu. Viatu vilikuwa vipya.

"Mkamate, mwanangu," nikamwambia. "Ila ufunguo nipe mimi."

Method alipoziona pingu zinakuja aliniangalia, akanyoosha mikono yote miwili. Na wali ulipoletwa, nilimlisha mwenyewe, tonge kwa tonge, nyama kwanza.